Hiram Percy Maxim: Aliyewaunganisha wanaredio wa ridhaa

Katika Afrika Mashariki jina la Maxim lilifika pamoja na risasi. Ni jina la bunduki ya kwanza iliyojipakia yenyewe kwa nguvu ya msukumo wake na kumimina risasi mfululizo, silaha ambayo Kiswahili kiliiita bombomu. Kapteni Frederick Lugard alikuwa nayo Kampala wakati wa mapigano ya Mengo mwaka 1892. Tarehe 30 Agosti mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, maelfu ya wapiganaji waliolishambulia boma la Wajerumani huko Mahenge walikabiliwa na bunduki za rashasha, na wengi wao wakaanguka kabla ya kuufikia ukuta.

Lakini kulikuwa na Maxim mwingine, mtoto wa yule aliyeibuni silaha hiyo. Huyu aliacha urithi wa namna nyingine. Hiram Percy Maxim, mhandisi wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1936, ndiye aliyewakusanya watu waliokuwa wakicheza na mitambo ya redio majumbani mwao, kila mmoja peke yake, akawafanya kuwa mtandao mmoja. Watu hao ni wanaredio wa ridhaa, na neno ridhaa hapa lina maana ile ile inayotumika katika michezo. Kama bondia wa ridhaa, mwanaredio huyu hafanyi kazi yake kwa ujira. Hufanya mtihani, hupewa leseni na serikali, hununua au hujitengenezea mtambo wake, na sheria humkataza kulipwa kwa ujumbe anaoupeleka.

Pale tetemeko, kimbunga au mafuriko yanapokata nyaya za simu na umeme, mara nyingi sauti ya kwanza kutoka penye maafa huwa yake.

Mtoto wa baba aliyeondoka

Hiram Percy Maxim alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 2 Septemba mwaka 1869. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, alikuwa fundi mwenye kipaji kikubwa, aliyetoka katika familia ya kimaskini ya jimbo la Maine. Baba yake mdogo, Hudson Maxim, naye alikuja kupata sifa kwa utaalamu wa baruti na milipuko. Hiyo ndiyo nyumba aliyozaliwa: nyumba ya watu waliojua kuunda vitu, na hasa vitu vya kuua.

Mwaka 1881 baba huyo alikwenda Ulaya kuhudhuria maonyesho ya umeme mjini Paris. Hakurudi tena kuishi na familia yake. Aliweka makao London, akaibuni bunduki yake huko katikati ya miaka ya 1880, akawa raia wa Uingereza, na mwaka 1901 akatunukiwa cheo cha Sir. Mkewe, Jane Budden, alibaki Marekani na watoto. Hiram Percy alikuwa na umri wa takriban miaka 12 alipoanza kukua bila baba.

Mwaka 1886, kabla ya kutimiza miaka 17, alihitimu masomo ya ufundi katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Alifanya kazi katika kiwanda cha makombora mjini Lynn, na nyakati za usiku akawa anajaribu kuunda injini ya petroli ya kuendeshea baiskeli ya magurudumu matatu. Mwaka 1895 aliajiriwa na kampuni ya Pope mjini Hartford, jimbo la Connecticut, akawa miongoni mwa wahandisi wa mwanzo wa magari nchini Marekani. Mwaka 1898 alimwoa Josephine Hamilton, binti wa aliyekuwa gavana wa Maryland. Mwaka huo huo, siku alipotimiza miaka 29, bunduki za baba yake zilikuwa zikifyatuliwa Omdurman, nchini Sudan, ambako maelfu ya wafuasi wa Khalifa waliuawa katika asubuhi moja.

Waswahili husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa muda fulani ilielekea kwamba msemo huo ungemfaa. Mwaka 1909 Hiram Percy alipata hataza ya kifaa cha kufungwa kwenye mdomo wa bunduki ili kuzima mlio wake. Gesi inayotoka nyuma ya risasi huzungushwa ndani ya vyumba vidogo hadi nguvu yake ipungue, na kishindo hufifia. Kifaa hicho kilimpatia fedha na umaarufu, na pia lawama, kwa kuwa wengi walihofu kwamba kingewafaa wahalifu. Baadaye kampuni yake iligeukia kazi ya kupunguza kelele za injini na mitambo ya viwandani, kwa kutumia kanuni ile ile.

Ujumbe ulioshindwa kufika

Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Maxim na mwanawe wa kiume walianza kujifunza simu ya upepo, kama mawasiliano yasiyo na waya yalivyoitwa zamani. Mitambo ya wakati huo ilifanya kazi kwa cheche za umeme, na maneno yalipelekwa kwa nukta na vistari vya alama za Morse. Vijana wengi nchini Marekani walikuwa na mitambo ya namna hiyo darini na vibandani, wakizungumza na yeyote aliyesikika.

Serikali haikupendezwa nao. Baada ya meli ya Titanic kuzama mwezi Aprili mwaka 1912, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kwanza ya kutoa leseni za redio. Wanaredio wa ridhaa walizuiwa kutumia mawimbi marefu, yaliyoaminika kuwa ndiyo yenye manufaa, wakasukumwa kwenye mawimbi ya mita 200 na chini yake. Wataalamu waliamini kwamba kadiri wimbi lilivyokuwa fupi ndivyo lilivyoshindwa kufika mbali. Ilikuwa kama kupelekwa uhamishoni katika ardhi isiyoota kitu.

Mwezi Aprili mwaka 1914, Maxim alitaka kumpelekea ujumbe mwenzake aliyekuwa Springfield, Massachusetts, umbali wa takriban kilomita 40 kutoka Hartford. Mtambo wake ulikuwa na nguvu ya kilowati moja, kiwango cha juu kabisa kilichoruhusiwa na sheria, lakini siku hiyo haukusikika huko. Akamkumbuka mwanaredio mwingine aliyeishi Windsor Locks, mji ulio katikati ya njia. Akamwomba aupokee ujumbe na kuusogeza mbele. Ujumbe ukafika.

Ni jambo dogo, na bila shaka wengine walikwisha kulifanya kabla yake. Tofauti ni kwamba Maxim hakuliacha hapo. Alijiuliza kwa nini msaada wa namna hiyo utegemee bahati ya kumfahamu mtu wa katikati. Ikiwa vituo vya nchi nzima vingeorodheshwa, vikawekwa kwenye ramani na kukubaliana saa za kusikilizana na namna ya kuandika ujumbe, basi habari ingeweza kuvuka bara zima kama kijiti kinavyopita mikononi mwa wanariadha wa mbio za kupokezana.

Alilipeleka wazo hilo katika klabu ya redio ya Hartford. Pamoja na Clarence Tuska, kijana ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 20, alianzisha mwaka huo huo wa 1914 umoja ulioitwa American Radio Relay League, yaani Umoja wa Marekani wa Kupokezana Ujumbe kwa Redio, unaojulikana zaidi kwa herufi ARRL. Barua zilitumwa kwa kila kituo kilichojulikana. Katika muda wa miezi michache mamia walikuwa wamejiunga. Mwezi Desemba mwaka 1915 lilitoka toleo la kwanza la jarida la umoja huo, QST, ambalo linachapishwa hadi leo. Mapema mwaka 1917 ujumbe ulipelekwa kutoka pwani ya mashariki ya Marekani hadi California na jibu likarudi katika muda wa saa moja na dakika 20.

Maxim aliwadai wenzake nidhamu. Kila ujumbe ulipaswa kuwa na namba, mahali ulikotoka, anwani kamili na idadi ya maneno, ili anayeupokea ahesabu na kuomba urudiwe ikiwa hesabu haikulingana. Katika kurasa za QST aliandika makala za ucheshi kwa jina la bandia la Mzee, akiwakaripia waliovuruga mawasiliano ya wenzao kwa uzembe na makelele. Alibuni hata chombo cha kuogofya cha kuwaadhibia, akakiita Wouff Hong. Wasomaji wengi walimpenda Mzee huyo mkali bila kumjua ni nani. Siri hiyo haikutangazwa hadi Maxim alipokwisha kufariki.

Vita na hatima ya mawimbi

Marekani ilipoingia vitani mwezi Aprili mwaka 1917, serikali iliamuru vituo vyote vya ridhaa vifungwe na nyaya zao ziteremshwe. Maelfu ya wanaredio waliingia jeshini, ambako walihitajika mno kwa kuwa walikwisha kujua kazi ambayo askari wa kawaida angefundishwa kwa miezi mingi. Walitii, wakiamini kwamba vita vikiisha wangerudishiwa haki yao.

Vita vilipoisha, mwishoni mwa mwaka 1918, Bunge lilikuwa na mswada wa kulikabidhi jeshi la majini mamlaka juu ya mawasiliano ya redio nchini. Kama ungepita, huenda wanaredio wa ridhaa wasingerudi hewani tena. Hii ndiyo saa ambayo Maxim alipimwa. Umoja wake ulikuwa na madeni, jarida lilikuwa limesimama, na wanachama walikuwa wametawanyika. Alikwenda Washington kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, na wanaredio na jamaa zao wakawaandikia wabunge wao kutoka kila jimbo.

Hoja ya upande wake ilikuwa na uzito wa mambo yaliyokwisha kutendeka. Taifa lilikuwa limepata waendeshaji wa redio wakati wa vita kwa sababu liliwaacha raia wajifunze wakati wa amani. Mkono wa serikali ukizishika hewa zote, hakutakuwa na mtu mwenye ujuzi siku ya dharura, kwa maana ujuzi huo hauwezi kuagizwa kwa amri mara tu msiba unapotokea. Mswada uliwekwa kando. Mwezi Oktoba mwaka 1919 amri ya kufunga vituo iliondolewa.

Ardhi ile waliyofukuziwa ndiyo iliyokuwa na hazina. Mwezi Desemba mwaka 1921 ARRL ilimtuma Paul Godley hadi Ardrossan, Scotland, na humo ndani ya hema, katika baridi na mvua, akazisikia alama za wenzake walioko Marekani. Tarehe 27 Novemba mwaka 1923 wanaredio wa Connecticut walizungumza kwa kujibizana na Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, kwa wimbi la mita 110 hivi. Ilidhihirika kwamba mawimbi mafupi hupanda hadi tabaka la juu la angahewa na kurudishwa ardhini maelfu ya kilomita mbali, kwa nguvu ndogo ya umeme.

Serikali na makampuni makubwa yakayakimbilia mawimbi yale yale yaliyodharauliwa. Kwa miongo mingi, kila aliyekaa na redio yake Tabora, Lamu, Bujumbura au Muscat akisikiliza matangazo ya Kiswahili kutoka London, Cologne au Washington kwa masafa mafupi alikuwa akila matunda ya ugunduzi huo.

Mwaka 1925 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Paris wakaunda umoja wa kimataifa wa wanaredio wa ridhaa, na Maxim akachaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Miaka miwili baadaye, katika mkutano wa serikali uliofanyika Washington, baadhi ya mataifa yalitaka raia wabanwe kabisa. Hatimaye mkataba uliwatambua na kuwatengea masafa yao. Ni kutokana na utaratibu huo wa kimataifa kwamba leo kila nchi ina alama zake za mwito hewani: Kenya huanza na 5Z, Tanzania 5H, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Kongo 9Q na Oman A4.

Mbiu ya mgambo

Mafunzo ya maafa yalikwisha kuanza kabla ya ARRL. Mwezi Machi mwaka 1913 mafuriko makubwa yalipoikumba Ohio na majimbo jirani, wanaredio wachache walisaidia kupeleka habari kutoka miji iliyotengwa. Lakini msaada wao ulitegemea nani alikuwa macho na nani alimsikia nani. Umoja wa Maxim uliondoa sehemu kubwa ya bahati hiyo.

Kuanzia mwaka 1933 wanaredio walianza desturi ya kutoka majumbani kila mwezi Juni, wakajenga vituo vya muda mashambani na vilimani kwa kutumia betri, jenereta na nyaya zilizotundikwa mitini. Lilikuwa zoezi lenye furaha ya mchezo, lakini shabaha yake ilikuwa siku ambayo nyumba ingekuwa imezama na umeme umekatika. Mwaka 1935 ARRL iliunda kikosi cha dharura, ambamo kila mwanachama alijiandikisha na kueleza ana mtambo gani na anaweza kufanya kazi bila umeme wa mjini au la. Mbiu ya mgambo ikilia, kila mtu alijua zamu yake.

Maxim hakukaa aone mbiu hiyo ikilia mjini kwake. Mwezi Februari mwaka 1936, akiwa safarini kwa treni kuelekea California, ambako alikusudia kuona darubini kubwa ya Lick, aliugua ghafla. Aliteremshwa La Junta, jimbo la Colorado, akafariki dunia huko tarehe 17 Februari akiwa na umri wa miaka 66. Alizikwa Hagerstown, Maryland, nyumbani kwa akina mkewe. Mwaka huo huo kilichapishwa kitabu chake kuhusu baba yake, kilichojaa visa vya kuchekesha vya utotoni, kana kwamba aliamua kumkumbuka yule aliyekuwapo nyumbani kuliko yule aliyeondoka.

Mwezi mmoja baada ya kifo chake, theluji iliyoyeyuka kwa mvua kubwa iliyajaza maji mito ya kaskazini mashariki mwa Marekani. Pittsburgh na Johnstown zilifurika. Mjini Hartford, mto Connecticut ulipanda zaidi ya mita 11 mnamo tarehe 21 Machi, kiwango ambacho hakikuwahi kuandikwa kabla yake. Simu zilikatika na umeme ukazimika. Katika majimbo kadhaa wanaredio wa ridhaa walikaa mitamboni usiku na mchana wakipeleka maombi ya madaktari, chakula na mashua, na habari fupi za watu waliotaka tu jamaa zao wajue kwamba wako hai.

Mwezi Januari mwaka 1937 mto Ohio nao ulipofurika, serikali ya Marekani ilitoa amri ya kutenga baadhi ya masafa ya ridhaa kwa ajili ya uokozi peke yake. Dola iliyokuwa imewafungia wanaredio miaka 20 kabla, sasa iliwasafishia njia.

Urithi

Tangu hapo habari hiyo imejirudia katika nchi nyingi. Tarehe 26 Desemba mwaka 2004, tsunami ya Bahari ya Hindi, ambayo mawimbi yake yaliua watu hadi pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania, ilivikuta visiwa vya Andaman vikiwa na kundi la wanaredio kutoka India waliokwenda huko kwa shughuli zao za ridhaa. Mawasiliano ya visiwa yalipokatika, waliacha walilokuwa wakilifanya na kuanza kupeleka habari za manusura. Wanaredio waliitwa pia baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, na baada ya kimbunga Maria kukiacha kisiwa cha Puerto Rico gizani mwaka 2017.

Katika Ghuba, mwanaredio aliyejulikana kuliko wote alikuwa Sultan Qaboos wa Oman, aliyefariki mwaka 2020, ambaye alama yake ya mwito ilikuwa A41AA.

Simu za mkononi na setilaiti zimewafanya wengi waone kwamba redio ya namna hii imepitwa na wakati. Hata hivyo simu ya mkononi hutegemea mnara, na mnara hutegemea umeme. Mwanaredio mwenye betri ya gari, waya uliotundikwa kati ya miti miwili na mwenzake anayemsikiliza umbali wa kilomita elfu moja hategemei chochote kati ya hivyo. Anachokihitaji ni serikali itakayompa leseni wakati wa utulivu, na muda wa kujizoeza kabla ya dhoruba.

Alama ya mwito ya Maxim, W1AW, ilikabidhiwa kituo cha kumbukumbu kilichozinduliwa mwaka 1938 huko Newington, karibu na Hartford. Kituo hicho bado kiko hewani, kikirusha taarifa na mazoezi ya alama za Morse, kwa kasi ndogo, kwa ajili ya wanaojifunza.